Je, ndege iitwayo City of Liverpool ilichomwa makusudi mwaka 1933?

Hakuna aliyethibitisha, ndugu, ingawa shuku ni nzito. Ndege hiyo ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Argosy yenye injini tatu, ilitoka Brussels kwenda London tarehe 28 Machi 1933, ikawaka moto angani na kuanguka karibu na Diksmuide, Ubelgiji. Wote 15 walikufa.

Kinachotia shaka ni mahali moto ulipoanzia. Wachunguzi walikuta dalili kwamba uliwaka sehemu ya nyuma, kwenye choo au mizigo, wakati injini na matangi ya mafuta hayakuonekana kuwa chanzo. Halafu kuna huyu abiria, daktari wa meno Albert Voss: alitoka ndani ya ndege kabla haijagonga ardhi, na mwili wake uliokotwa mbali na mabaki. Watu wakamnyooshea kidole hapohapo. Lakini mtu anayekimbia moto naye si angeruka? Baraza la waamuzi Uingereza halikuafiki kwamba ni ajali wala uhalifu, likaacha wazi sababu ya kifo chake. Mimi naona hata sigara ingetosha.