Krismasi Nyumbani Kilolo Bila Pombe

Mvua za Desemba zikishakolea Kilolo, mkoani Iringa, mianzi huchipua na wagema huanza kukata ncha za machipukizi. Ulanzi, pombe ya mianzi, hudondoka tone kwa tone usiku kucha, asubuhi mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, imejaa. Kwetu msimu huo na Krismasi hufika pamoja, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyeacha pombe mwaka huu na unajiandaa kupanda gari kwenda nyumbani.

Mimi sikuangushwa na baa. Baa za Iringa mjini nilishajifunza kuzipita, na nilikuwa na miezi saba sijaonja. Nilianguka uani kwetu, saa nne asubuhi ya tarehe 25, mbele ya bamdogo ninayempenda sana. Alininyooshea kikombe cha plastiki cha kijani, povu jeupe likiwa bado linatambaa mdomoni mwa kikombe. "Kunywa mwanangu, huu ni mtogwa, umegemwa alfajiri, hauna kitu." Mtogwa ni ulanzi mbichi ambao haujachacha, na kweli ulikuwa mtamu kama juisi. Lakini ulanzi huanza kuchacha ukiwa bado kwenye mbeta, na jua likipanda nao unakolea. Mchana nilikuwa bado nachota kwenye dumu lile lile, na haukuwa mtogwa tena. Jioni yake siikumbuki.

Kilichoniumiza zaidi ni kilichofuata. Nilijiambia sikukuu imeshaharibika, nitaanza upya Januari. Nikanywa hadi tarehe 9, na hela ya sare na madaftari ya binti yangu ikaishia huko.

Siku hizi nasema ukweli kabla sijafika. Zamani nilisingizia dozi, lakini dozi huisha na ndugu wanahesabu siku. Mwaka uliofuata nilimpigia bamdogo wiki mbili kabla: "Shikamoo bamdogo. Nimeacha kabisa, naomba usinipe hata mtogwa." Akanyamaza, kisha akauliza kama naumwa. Nikamjibu ndiyo, pombe kwangu ni ugonjwa. Tangu hapo yeye ndiye anayenikingia kwa wengine.

Asubuhi nakula nikashiba, maana njaa na uchovu wa safari huamsha hamu. Chai ya moto haitoki mkononi, kwa sababu mkono mtupu hupewa kikombe. Nashika kazi ya kuchoma nyama. Giza likiingia, naaga nikalale kwa dada, na anayeona najidai namwacha aone hivyo.

Ila kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uonje, tafadhali usiache ghafla peke yako ili uwahi sikukuu. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha mtu akachanganyikiwa, na wapo wanaokufa hivyo. Nenda hospitali kwanza, utaje kiasi unachokunywa bila kukipunguza. Dawa za kukuvusha zipo.

Na ukiteleza, usisubiri Januari. Kimwage kilichobaki kikombeni, mwambie mtu mmoja kabla hujalala, na tarehe 26 panda gari la kwanza. Mimi kuanzia tarehe 24 hadi mwaka mpya simu siizimi. Rafiki yangu tuliyeacha naye yuko Makambako, na tumeshapigiana saa tisa za usiku zaidi ya mara moja.