Maswali ya Wasomaji: Sakafu ya Mbao Ndani ya Boti ya Matanga

Safari hii maswali karibu yote ni ya sakafu, zile mbao za ndani zinazofunika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti yanakokusanyika maji. Nimeyafupisha.

Fundi, nimenunua boti ya futi 34 hapa Kilifi. Sakafu ni plaiwudi yenye vinia (utando mwembamba wa mbao) ya msaji na mistari myeupe, vanishi imebanduka. Nipake ipi itakayodumu? Jirani anasema ile ya milingoti ndiyo kiboko.

Kwa mlingoti, jirani yuko sahihi. Vanishi hiyo ina mafuta mengi ili inyumbuke mti unapotanuka na kusinyaa, tena ina dawa ya kuzuia miale ya jua. Ulaini huo ndio unaoiponza sakafuni: mchanga ulionasa kwenye kandambili utaichora siku ya kwanza. Ndani jua linafika chini ya tundu la ngazi tu. Unachotafuta wewe ni ugumu, kwa hiyo chukua vanishi ya poliyurethani. Ya makopo mawili, vanishi na hadina (dawa ya kuigandisha), ni ngumu zaidi na inastahimili dizeli na mafuta ya jikoni. Ya kopo moja inachubuka mapema, lakini unaipiga msasa palepale ilipochubuka na kurudishia. Kama boti ni ya familia, mimi ningechukua ya kopo moja bila kufikiri mara mbili. Kama ni ya kukodisha, makopo mawili. Ila usiyapake juu ya vanishi ya zamani usiyoijua, maana thina yake huweza kuifumua yote. Kwangua mpaka mbao.

Nilipaka vanishi mikono sita, yaani tabaka sita, ikang'aa kama kioo. Baada ya msimu mmoja kingo zimekuwa nyeusi na vanishi inainuka. Niliuziwa feki? (Tanga)

Vanishi usiilaumu bado. Niambie kwanza: upande wa chini ulipaka mikono mingapi? Na kingo je?

Watu wanahesabu mikono ya juu, mahali panapoonekana, na maji yanaingilia kwingine. Ngama haikauki. Mvuke wake unapanda usiku na mchana, na ukingo wa plaiwudi, palipokatwa nyuzi za mbao, ndipo panapokunywa haraka kuliko popote. Maji yakishaingia yanatafuta njia ya kutokea, na vanishi yako nzuri ya juu inainuliwa kutoka chini. Ule weusi ni maji na kuvu.

Toa mbao zote, ziandike namba kwa upande wa chini. Zioshe kwa maji ya bomba kwanza, kwa sababu chumvi ikibaki itaendelea kuvuta unyevu chini ya vanishi mpya. Zianike kivulini mpaka zikauke kwelikweli, usiende kwa kukisia. Doa jeusi hufifia kwa asidi ya oksaliki. Vaa glavu, kisha suuza vizuri na ukaushe tena. Usijaribu kuliondoa kwa msasa: vinia mara nyingi haifiki hata milimita moja, ukizidisha utaona plaiwudi tupu.

Baada ya hapo kingo zipewe epoksi nyepesi (gundi ya majimaji inayoganda), mara mbili au tatu, mpaka ziache kuinywa. Usisahau matundu ya skrubu na ya vishikio. Ikishakauka, isugue kwa maji na brashi kuondoa utelezi unaojitokeza juu yake, ndipo upige msasa na kupaka poliyurethani juu na chini. Acha nafasi ya milimita mbili hivi kati ya ubao na ubao. Ukibana sana, siku maji yanaingia usiku na unataka kufungua ngama, ubao hautoki.

Babu yangu, mjenzi wa majahazi, anasema mafuta yanatosha, vanishi ni urembo. (Unguja)

Mfikishie shikamoo yangu. Jahazi linapakwa mafuta ya sifa nje, kwenye mbao nene zinazopigwa na upepo, na linapakwa tena na tena. Ndani ya chumba kilichofungwa mafuta hayakauki vizuri, yananasa uchafu na kuota ukungu. Na sifa ni mafuta ya maini ya papa. Sidhani kama ungependa kulala nayo. Lakini kama sakafu yako ni msaji mnene, si vinia, kuna njia ambayo nadhani babu ataikubali: usipake kitu chochote, isugue tu kwa maji. Msaji mtupu hauozi upesi wala hautelezi sana. Ukiamua mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) basi, matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka.

Ing'ae au isiwe na mng'ao?

Ya kung'aa kwa mikono ya chini, isiyong'aa kwa mkono wa mwisho. Hiyo isiyong'aa uikoroge mara kwa mara, unga wake hutuama.

Mama mkwe ameteleza mara mbili chini ya ngazi. Tufanyeje? (Mombasa)

Poleni, na pole yake zaidi. Hapo mguu unapokanyaga kwanza ukishuka ngazi, nyunyizia chembe za kuzuia utelezi juu ya mkono mbichi, kisha upake mwingine juu yake. Ni hapo tu. Ukieneza sakafu nzima hutaweza kuifagia. Nta marufuku, inateleza na vanishi ya baadaye haitashika.

Naweza kupaka mbao zikiwa mlemle botini?

Zipeleke nchi kavu. Hadina ya makopo mawili ina isosianeti, kemikali yenye madhara ukiivuta, na ndani ya boti hewa hakuna. Hata nje vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, si ile ya kitambaa. Anza asubuhi umande ukishakauka, acha mapema alasiri. Utatembea juu yake baada ya siku moja au mbili, lakini mkeka wa mpira usubiri wiki nzima, la sivyo utaacha alama.