Kukimbia kunaondoa hofu ya kupanda boti? Jibu la muuza dagaa wa Kirumba

Mdogo wangu, umeuliza kwamba tangu ziwa liwachafukie mkitoka Ukerewe hujapanda chombo tena, na rafiki yako kakwambia ukimbie kila asubuhi, hofu itaisha yenyewe. Unataka kujua kama ni kweli. Ni nusu ya kweli, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyonichelewesha mimi.

Nauza dagaa Kirumba, Mwanza. Mwaka 2019 tulikuwa tunarudi usiku na mzigo, injini ikazima katikati ya mawimbi. Tulikumba maji kwa dumu la mafuta lililokatwa nusu mpaka kunapambazuka. Hakufa mtu. Nikamshukuru Mungu nikadhani yameisha. Wiki iliyofuata nasogea mwaloni, ile harufu ya petroli ikichanganyika na dagaa wabichi tu, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi. Nikaita bodaboda nikarudi nyumbani. Nafuu niliyoisikia juu ya ile bodaboda ndiyo iliyoniharibia. Mwili ulijifunza kwamba ukikimbia boti unapona, na kila nilipomtuma mtu visiwani badala yangu (na kuibiwa magunia juu yake) nilikuwa naurudishia somo lile lile.

Wewe una mtihani ambao mimi sikuwa nao. Tangu 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, unapita juu ya maji kama mfalme. Nalipenda. Ila halifiki Nansio kule Ukerewe, na wateja wako wako Nansio.

Basi, nami nilianza kwa kukimbia tu. Mama wa miaka arobaini na ushee anakimbia Kirumba saa kumi na mbili asubuhi, watu wanauliza, "Mama, umeibiwa?" Usingizi ulirudi, hasira kwa watoto zikapungua. Kitu kimoja nilikiona mapema: moyo ukidunda sana kwenye kilima sifi. Awali mapigo yakipanda nilidhani ni kifo kinabisha hodi, sasa nikaanza kuyazoea. Hiyo peke yake ni faida kubwa kwa mtu wa hofu. Lakini miezi minne baadaye nikaenda gatini, nikageuza. Hofu ya boti ilikuwa palepale, haijaguswa.

Mshauri wa saikolojia niliyepelekwa na dada yangu alinieleza sababu. Hofu haifutwi. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliona zamani kwa mbwa wake waliozoea kwamba kengele ikilia chakula kinakuja: ukipiga kengele bila kuleta chakula, mbwa anaacha kudondosha mate, lakini mpumzishe kidogo, piga tena, mate yanarudi. Somo la kwanza lipo bado, limefunikwa na la pili. Kwenye ubongo kuna amigdala inayopiga kelele ya hatari, na sehemu ya mbele inayoituliza kwa kumbukumbu mpya kwamba hapa pamekuwa salama. Hiyo kumbukumbu mpya haipatikani barabarani ukikimbia. Inapatikana kwenye boti.

Tukapanga hatua za kuizoea boti kidogo kidogo, kama ngazi. Kwanza kukaa tu nusu saa pale Kamanga nikitazama kivuko kikipakia magari. Halafu kuingia kikiwa kimefungwa kamba na kushuka. Halafu kuvuka nimeshikilia chuma karibu na mlango. Halafu kuvuka bila kushika kitu. Sharti lilikuwa moja: siondoki hofu ikiwa kileleni, nasubiri ishuke yenyewe. Mara ya kwanza nilisubiri dakika 40, jasho linachuruzika mpaka muuza karanga akaninunulia maji.

Na hapa ndipo mazoezi yanapoingia. Akaniambia nikimaliza zoezi la kivuko nisipande bodaboda, niende mbio kidogo dakika 10, nihemee. Basi nikawa natoka pale getini, napita Jiwe la Bismarck, napanda Capri Point. Sababu ni kwamba kumbukumbu mpya huchukua saa kadhaa kukaza, na mwili ukichemka wakati huo ubongo unatoa vitu vinavyosaidia kuikaza, ikiwemo protini iitwayo BDNF. Panya waliokimbia kwenye gurudumu mara tu baada ya somo la kuzima hofu walikuwa wazito kurudiwa nayo. Kwa binadamu kuna utafiti wa Australia uliotoka 2023 kwa watu wazima 130 wenye majeraha ya kisaikolojia: nusu walifanya mazoezi ya kuhemesha dakika 10 baada ya kila kikao cha tiba, nusu walinyoosha viungo tu. Baada ya miezi 6 waliohema walikuwa na dalili pungufu. Angalia vizuri, wote walipata tiba. Hakuna aliyeambiwa akimbie akalale.

Kwangu siwezi kukuapia ni zile dakika 10 au ni kivuko chenyewe. Ninachojua ni kwamba nilishuka Capri Point nimechoka, na sikuwa na muda wa kulala kitandani kurudia mkanda wa 2019 kichwani.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: nilifanya yote asubuhi, ziwa kama kioo. Siku ya kwanza kupanda meli ya Nansio jioni, upepo upo, hofu ikarudi nzima nzima. Nikalia chooni. Nilidhani nimeanza sifuri, kumbe ubongo ulikuwa umejifunza kwamba asubuhi ya Kamanga ni salama, si jioni ya mawimbi. Ilibidi nirudie jioni, na viti tofauti, na siku nyingine peke yangu. Mara hii ilichukua wiki tatu, si miezi. Kwa hiyo wewe changanya tangu mwanzo.

Kama unasumbuliwa na ndoto za usiku au unazimia, usijitibu kwa maneno yangu haya, tafuta mshauri hospitali. Pima presha kabla ya kupanda vilima. Viatu vya mbio utapata Mlango Mmoja kwa bei ya kuongea, asubuhi wanapofungua belo. Na jaketi okozi livae hata hofu ikiisha. Mimi navaa langu mpaka kamba zimekatika mbili.