Kuacha Uislamu ukiwa bado unaishi nyumbani

Dada yangu wa Eastleigh, umeuliza kama sheria itakulinda ukiacha Uislamu, maana kaka yako ameapa kukuvunja miguu. Ndiyo, itakulinda. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, na hakuna anayeweza kukulazimisha kutenda jambo lililo kinyume na imani yako. Hata Mahakama ya Kadhi husikiliza kesi tu pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake.

Lakini Katiba hailali nawe chumba kimoja. Usiwatangazie leo, tafadhali. Kwanza toa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vya shule kwenye kabati la mama, uvitie kwenye bahasha, umwekee rafiki unayemwamini. Tafuta pa kulala mbali na mtaa huo. Kile kitisho usikifiche: kipeleke kituo cha polisi, udai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na jumbe zake usizifute.

Mimi ni Mwislamu, naswali. Kurani yenyewe, 2:256, inasema hakuna kulazimishana katika dini. Mama yako huenda atalia sana; mpe muda. Kaka usikutane naye peke yako.