Premio inachemsha kwenye foleni tu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya cc 1500. Nikienda Morogoro haina tatizo, mshale wa joto unatulia. Shida ni foleni ya Kimara: nikisimama kidogo tu mshale unakimbilia H. Fundi wa mtaani ametoa themostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto), akasema kwa joto la huku haina kazi, lakini bado inachemsha. Tena kila asubuhi naongeza maji. Je, ninunue rejeta nyingine? — Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba dada. Pesa ya rejeta iache kwanza mfukoni. Gari ikiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapoza rejeta hata kama feni imekufa. Ikisimama, tegemeo ni feni peke yake. Rejeta iliyoziba ingekusumbua zaidi kwenye mwendo mkali na milima.

Egesha, washa injini na AC, fungua boneti. Feni inatakiwa ianze kuzunguka muda si mrefu. Kama imegoma, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni), halafu chomoa plagi ya feni uitazame: ikiwa imeungua, plastiki inakuwa ya kahawia na imeyeyuka pembeni mwa pini. Vyote vikiwa vizima, fundi aipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka hapo, mota ndiyo mbovu. Kama inazunguka kwa AC lakini injini ikipata moto haizunguki, apime sensa ya joto.

Themostati irudishwe, tafadhali. Tabia hii ya kuzitoa inaniuma, maana wenye magari ndio wanaolipia. Kwenye injini yako ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, na feni mbovu inabaki mbovu vilevile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hayo maji ya kila asubuhi. Mfumo huu umefungwa. Maji hayatakiwi kupungua hivyo. Kagua mpira wa kifuniko cha rejeta kama umepasuka, na utafute ukoko mweupe au wa pinki kwenye wota pampu na maungio ya mipira. Kisha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa gari, utazame mdomoni mwa rejeta. Vipovu vikitoka mfululizo bila kukoma, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini; usiliendeshe mpaka lipimwe, hedi ya alumini hupinda upesi. Ukishaziba panapovuja, weka kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupoza injini. Maji ya kisima yenye chumvi yanakula chuma na kuziba rejeta.

Kabla feni haijatengenezwa, mshale ukipanda zima AC, washa hita mpaka mwisho, tafuta pa kuegesha na uzime injini. Kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika na kuubonyeza kwa mkono mtupu.