Kufanya kazi nyumbani kwenye nyumba iliyojaa watu

Ushauri mwingi wa kufanyia kazi nyumbani unaanza na kiti kizuri, meza yako mwenyewe na chumba chenye mwanga. Sawa, ila wengi wetu hapa Dar tunaishi na mama, watoto, shemeji aliyekuja kusubiri majibu ya chuo, na meza ni hiyo hiyo ya kulia ugali. Kwa hiyo mimi naanza na watu, maana mtandao ukisumbua bosi utamwelezea atakuelewa, ila utamwambiaje kwamba umechelewa kikao sababu ulitumwa gengeni?

Adui yako ni ile "si upo tu nyumbani?" Gesi imeisha, upo. Fundi bomba anakuja, upo. Mtoto karudishwa shule ana homa, upo. Kwangu ilizidi kwa sababu najibu wateja wa kampuni ya Uingereza, na London ikigonga saa tatu asubuhi kwao huku ni saa sita mchana, nikifunga kazi ni saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza. Sasa asubuhi nzima watu wananiona nafua, naanika, nacheza na watoto, halafu mchana najifungia chumbani na laptopu, unategemea wafikirie nini kama sio muvi? Mama alikuwa anawaambia majirani bado natafuta kazi, na LUKU nanunua mimi!

Kusema "niko bize" hakusaidii chochote, kila mtu yuko bize. Taja saa. Niliwaambia kuanzia saa sita mpaka saa mbili usiku mnihesabu niko Posta, shida zenu zote nileteeni asubuhi. Na asubuhi natumika kweli, mtungi nabeba, kliniki nampeleka mama, kwa sababu usipoitoa asubuhi yako wao hawatakuachia mchana, usijidanganye. Mwisho wa Machi Uingereza wanasogeza saa mbele, kwa hiyo zamu yangu inakuwa saa tano hadi saa moja, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha. Hilo nalo waambie nyumbani mapema, sio unawabadilishia ratiba kimya kimya.

Watoto nimewawekea khanga. Nikiwa kwenye kikao naning'iniza khanga nyekundu kwenye kitasa, hata asiyejua kusoma anaelewa hapa haingiliki. Ikiwa haipo wanaingia, wanaomba hela ya ubuyu, maisha yanaendelea. Ila itundike kwa vikao tu jamani, ukiiacha siku nzima inageuka pazia.

Misiba je? Nenda, lakini omba ruhusa kama mwajiriwa yeyote, usiende na laptopu ukajibu wateja umejibanza nyuma ya turubai. Nimeshawaona watu wanafanya hivyo, kazi haifanyiki na ndugu wanakuona una dharau.

Tuje kwenye umeme. Laptopu ina betri yake, umeme ukikatika inaendelea, ila rauta inazima hapo hapo na wewe unabaki unakodolea macho skrini. Nunua yupiesi ndogo ya rauta, ni kijiboksi kama pauabenki kinachoiwasha rauta umeme ukikatika, Kariakoo zipo. Kabla hujapanda daladala geuza adapta ya rauta yako usome volti na ampea zilizoandikwa ili yupiesi iendane nazo, nyingi ni volti 12 ila zipo za 9 na za 5, usije ukaunguza kitu. Halafu simu iwe na bando la mtandao tofauti na ule wa nyumbani, ukiwa na laini mbili za kampuni moja bado una mtandao mmoja.

Kuna siku hata hayo hayatoshi. Jumapili ya Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa kusini huko, intaneti ikawa ya kuvizia karibu nchi nzima, ubadilishe laini usibadilishe ni yale yale. Ndio maana mafaili ya kazi ya wiki nayaweka ndani ya laptopu, na namba ya simu ya bosi ninayo, namtumia meseji ya kawaida mapema: mtandao umeanguka nchini, naandaa ripoti, ukirudi natuma. Yeye yuko mbali, habari za huku hana, na ukinyamaza atajua umelala.

Kelele huwezi kuzimaliza, jogoo yupo, mnunuzi wa chuma chakavu na spika yake yupo, tafuta tu hedifoni zenye maiki inayokaa karibu na mdomo na uzime feni unapoongea. Kuhusu kiti, mimi natumia cha meza ya chakula na mto, mgongo bado haujanishtaki, ila ukiwa na hela nunua cha ofisi.