Kwa mwalimu mgeni wa Hisabati: uwiano ni sehemu ya nini?

Ndugu mwalimu, utakapoanza mada ya uwiano utakuta wanafunzi wako wanajua tayari kwamba 2/3, 4/6 na 6/9 zina thamani moja, na utashawishika kuwaambia kwamba 2:3, 4:6 na 6:9 ni jambo lile lile lililoandikwa kwa alama nyingine. Nami nilianza hivyo. Kauli hiyo si ya uongo, ila ina upungufu ambao sikuuona hadi nilipotoa swali la plasta.

Fundi huchanganya saruji na mchanga kwa uwiano wa 1:4, yaani kila ndoo moja ya saruji huenda na ndoo nne za mchanga. Nilipouliza saruji ni sehemu gani ya vyote vilivyochanganywa, karibu darasa zima lilijibu robo. Jibu ni 1/5, kwa kuwa ndoo zilizoingia ni tano. (Usipime kinachotoka: saruji hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, hivyo hutapata ndoo tano kamili.) Hata hivyo, robo yao haikutoka hewani, kwani saruji ni robo ya mchanga. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akinitajia sehemu yoyote kutokana na uwiano, humuuliza kwanza: sehemu ya nini?

Swali hilo likishazoeleka, undugu wa uwiano na sehemu huonekana vizuri zaidi. Fundi akitumia ndoo 3 za saruji, atahitaji ndoo 12 za mchanga, na jumla itakuwa 15. Andika ubaoni kwamba 1:4 imekuwa 3:12, kwamba 1/4 imekuwa 3/12, na kwamba 1/5 imekuwa 3/15, kisha waache watambue wenyewe kwamba tukizidisha pande zote mbili za uwiano kwa namba ile ile, jumla nayo huzidishwa kwa namba hiyo hiyo, na ndiyo maana kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (namba ya chini) hukua pamoja bila thamani ya sehemu kubadilika. Kurahisisha ni njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma: 12:18 hugawanywa kwa KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa 12 na 18 bila baki), ambayo ni 6, tukapata 2:3.

Wapo watakaojumlisha badala ya kuzidisha. Wape 1:4, waongeze 2 kila upande, wapate 3:6, ambayo ni 1:2. Fundi yeyote atakwambia hiyo ni plasta nyingine kabisa.

Kinachohitaji uvumilivu zaidi ni kuunganisha michanganyo. Ukimimina pamoja mchanganyo wa ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga na mwingine wa 1 kwa 2, unapata 2:6, na mwanafunzi ataandika kwa furaha kwamba 1/4 + 1/2 = 2/6, ilhali jumla ya sehemu hizo ni 3/4. Usimkaripie. Mwambie abadilishe ule wa kwanza uwe 2:8, kisha aunganishe tena: sasa anapata 3:10, ambayo si sawa na 2:6. Alichojumlisha ni ndoo, na idadi ya ndoo ilibadilika ingawa uwiano wa mchanganyo ule wa kwanza ulibaki ule ule.